Baiskeli za fiksi gia za kampuni ndogo: kwa nini bei iko chini hivi, na zikifika Mwanza itabaki hivyo?

Mkazi_Buhongwa
Wakuu, habari za jioni. Natafuta baiskeli ya kwendea kazini, Buhongwa mpaka mjini kwa barabara ya Kenyatta, kwenda na kurudi. Nauli na foleni vimenichosha. Nimekuwa napitia bidhaa za kampuni ndogo za Marekani zinazouza baiskeli za fiksi gia, yaani gia moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, pamoja na spea zake. Bei inanishangaza. Kwa dola 300 na kitu unapata baiskeli mpya nzima, wakati resa, yaani baiskeli ya mbio, mpya ya gia nyingi yenye vifaa vya kueleweka inakwenda mbali zaidi ya hapo. Nauliza mambo mawili. Unafuu huo unatoka wapi hasa? Na ikishuka Mwanza bei itakuwa bado ile ile, au itakuwa imenenepa njiani?

Nansio_Kwetu
Kabla ya bei, tueleweshane kwanza. Ina maana pedeli zinazunguka muda wote? Nikiteremka siwezi kupumzisha miguu?

Fundi_Mabatini
Ndiyo mjomba. Baiskeli tulizozoea zina friwili nyuma, na ndani ya friwili kuna vijino vyenye springi, vile vinavyolia tiki tiki ukiacha kukanyaga. Fiksi haina hicho kitu. Sproketi ya nyuma, lile duara la meno la cheni, imekazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, basi. Gurudumu likizunguka cheni inazunguka, na miguu yako inazunguka upende usipende. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia pedeli kwa kusukuma kinyume.

Mleta uzi, jibu lako la bei liko hapo hapo. Hakuna kibadilisha gia mbele wala nyuma, hakuna shifta za mkononi, hakuna waya za gia, hakuna kaseti, lile rundo la sproketi za nyuma. Toa vyote hivyo kwenye resa halafu uone kinabaki nini cha kulipia.

Kirumba_Resa
Fundi, nakubali nusu. Kama ni uchache wa vifaa tu, basi fiksi zote zingelingana bei, na hazilingani. Tazama chuma. Za bei ya chini kabisa zina fremu ya chuma cha kawaida, kizito. Ukipanda kidogo unakutana na kromoli, ile yenye namba 4130, ambayo ni imara zaidi, hivyo kuta za bomba zinatengenezwa nyembamba na fremu inapungua uzito. State Bicycle Co. ya Arizona, walioanza 2009, wanauza aina zote mbili, na bei zinaachana ingawa zote ni gia moja. Mtu akikuonyesha fiksi ya bei ya chini, swali la kwanza ni chuma gani, siyo gia ngapi.

Dada_Pasiansi
Nyote mnatazama baiskeli. Mimi nafanya kazi za mizigo, natazama ilivyofika kwa mteja. Hizi kampuni ndogo nyingi hazina kiwanda. Fremu zinachomelewa Taiwan au China, wao wanachagua rangi, matairi na usukani, kisha wanauza moja kwa moja kwa mnunuzi. Sanduku linafika mlangoni kwako, usukani na gurudumu la mbele unafunga mwenyewe. Faida ya msambazaji na faida ya duka havipo kwenye ile bei. Hapo ndipo penye pengo kubwa, kuliko hizo shifta za fundi.

Mwalimu_wa_Igoma
Naongeza sababu ya nne. Moda imepoa. Miaka ya 2010 vijana wa miji mikubwa Marekani na Ulaya walizigombea, kampuni zikawa nyingi, leo wanunuzi ni wachache na bei zinashuka. Pure Fix Cycles ya Los Angeles ilifunga biashara 2020.

Dada_Pasiansi
Mwalimu, mwaka 2020 huo huo baiskeli ziliadimika madukani Ulaya na Marekani kwa sababu ya korona, watu walikimbia mabasi. Kampuni kufungwa mwaka ambao wateja walikuwa wanatafuta baiskeli kwa tochi haithibitishi kwamba wateja wamekwisha. Huenda mzigo uligoma kufika kutoka viwandani.

Mwalimu_wa_Igoma
Huenda. Lakini na bei ya leo nayo haielezwi na mzigo wa 2020.

Isamilo_Juu
Jamani, mnabishana bei wakati huyu ndugu anataka kuingia mjini bila breki! Mimi nakaa huku mlimani. Baiskeli ambayo pedeli hazitulii, nikianza kuteremka toka huku mpaka bondeni, miguu itabaki kwangu au itatangulia?

Fundi_Mabatini
Itakufuata kama utafunga breki ya mbele, na mtu yeyote mwenye akili anafunga. Fiksi isiyo na breki ni ya uwanja wa mbio, ule wa duara wenye kingo zilizoinama, ambako wote wanakwenda upande mmoja na hakuna bajaji inayokukatia mbele. Barabarani ni habari nyingine. Uingereza sheria inataka fiksi iwe na breki ya mbele. Ukibana breki uzito wote unaegemea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalosimamisha. Kusukuma pedeli kinyume ni msaada tu.

Mkazi_Buhongwa
Wabeja fundi. Isamilo, barabara yangu haina mlima kama wako. Mkolani, Butimba, Mkuyuni, kuna vipandio lakini siyo vya kutisha. Breki ya mbele nitafunga. Hebu turudi kwenye safari ya sanduku. Dada Pasiansi, nieleze kwa namba.

Dada_Pasiansi
Sawa. Watu wengi wanadhani baiskeli ya kilo 11 italipiwa kilo 11. Mzigo wa ndege unapimwa kwa njia mbili, uzito halisi na uzito wa ujazo, na unalipia ule mkubwa. Kampuni nyingi za vifurushi zinachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5,000. Chukua sanduku la sentimita 140 kwa 20 kwa 75. Inakuja 210,000. Gawa kwa 5,000, unapata 42. Unalipia kilo 42 kwa baiskeli ya kilo 11, na tatu ya nne ya pesa yako imesafirisha hewa.

Ikifika, ushuru haupigwi kwenye dola 300 za kule. Unapigwa kwenye CIF, yaani bei ya kitu, jumlisha bima, jumlisha nauli. Halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya thamani hiyo ikiwa imeshabeba ushuru. Kwa hiyo nauli ikiwa kubwa, kodi nayo inakua ingawa baiskeli ni ile ile. Swali lako la pili lina jibu: kwa ndege, baiskeli nzima haibaki rahisi.

Kwa meli ni tofauti, pale unalipia ujazo wa mita, na sanduku hilo halifiki hata robo ya mita moja ya ujazo. Wanaokusanya mizigo ya watu wengi kutoka China hadi Dar wanaweza kukubebea kwa bei ya kuvumilika. Kasoro ni kwamba wewe unataka kampuni ya Marekani.

Kirumba_Resa
Ambayo fremu yake imetoka huko huko China, kwa maneno yako mwenyewe.

Dada_Pasiansi
Ndiyo, ila ukinunua kiwandani huna wa kumlalamikia sproketi ikija na nyuzi mbovu, zile za kuizungushia kama skrubu. Ile kampuni ndogo ina mtu anayejibu barua pepe na kukutumia nyingine. Hicho nacho kina bei.

Nansio_Kwetu
Mimi nina njia fupi kuliko zote. Huku Ukerewe baiskeli za Phoenix zimejaa. Chukua Phoenix, ng'oa friwili, weka sproketi ya kufunga, umemaliza. Mdogo wangu amefanya hivyo kwa fundi wa hapa Nansio, ikaenda vizuri. Baadaye ikawa ukizuia pedeli kwa nguvu sproketi inaachia, unabaki unakanyaga hewa kinyumenyume. Fundi alikaza, ikaachia tena. Anasema spea ni feki.

Kirumba_Resa
Siyo feki. Cheni haikuwa kwenye mstari mmoja, sproketi ya mbele na ya nyuma zimepishana, ikawa inavutwa upande.

Mwalimu_wa_Igoma
Au hakuikaza vya kutosha. Sproketi ya aina hiyo inahitaji ufunguo wenye kipande cha cheni na mpini mrefu, siyo nyundo na patasi.

Fundi_Mabatini
Cheni iliyopishana inalia na kuruka, haifungui sproketi. Sikilizeni, hili nalijua kwa mikono. Habu ya Phoenix imechongwa kwa ajili ya friwili. Nyuzi zake ni za inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, na sproketi ya fiksi ina nyuzi hizo hizo, ndiyo maana inaingia bila ubishi na mtu anafurahi. Lakini habu halisi ya fiksi ina ngazi mbili. Ya kwanza ya sproketi, na nje yake nyingine nyembamba zaidi, inchi 1.29, ambayo nyuzi zake zinakwenda kushoto. Hapo inakaa ringi ya kufungia. Ukisukuma pedeli kinyume, sproketi inataka kufunguka, na ikijaribu kufunguka inaigusa ile ringi na kuizungusha upande wa kujikaza. Zinazuiana. Habu ya Phoenix haina ngazi ya pili, kwa hiyo hakuna cha kuizuia isipokuwa nguvu ya kukazwa tu.

Nansio_Kwetu
Lakini fundi wake alifunga ringi. Niliiona kwa macho.

Fundi_Mabatini
Bila shaka ni ringi ya kikombe cha ekseli ya pedeli. Ile nayo ni 1.37 kwa 24, inaingia. Ila nyuzi zake zinakwenda upande mmoja na sproketi, kwa hiyo zinafunguka pamoja kama marafiki. Watu wanaongeza gundi ya nyuzi, inashikilia kwa muda. Mwambie mdogo wako asiendeshe bila breki ya mkono hata siku moja.

Kirumba_Resa
Bado nasema aangalie mstari wa cheni. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Isamilo_Juu
Hakuna anayechomelea sproketi kwenye habu? Nimeona kazi hiyo kwa macho.

Fundi_Mabatini
Wapo. Ukichomelea, ikiisha meno unatupa habu nzima na kusuka gurudumu upya. Na moto unaharibu njia ya golori. Sichomelei, hata mteja akilia.

Dada_Pasiansi
Naona sasa mnakuja upande wangu bila kujua. Habu halisi, sproketi, ringi yake na cheni vinaingia kwenye kasha dogo tu, na hapo uzito wa ujazo haukuumizi. Mleta uzi, agiza spea, fremu tafuta hapa.

Mkazi_Buhongwa
Hilo ndilo linaanza kuniingia. Fremu gani sasa? Phoenix?

Fundi_Mabatini
Angalia mdomo wa nyuma wa fremu, pale ekseli inapokaa. Fiksi inataka mdomo mrefu wa kulala, ili uvute gurudumu nyuma na kukaza cheni. Cheni ikilegea sana inatoka, na kwenye fiksi cheni ikitoka gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Acha mchezo mdogo tu wa sentimita moja hivi juu na chini. Phoenix inafaa kwa hilo. Mauntini za mtumba nyingi mdomo wake unatazama chini, gurudumu halisogei mbele wala nyuma. Usijaribu kufunga kile kigurudumu cha kuvutia cheni, maana ukizuia pedeli kinyume mvuto unahamia upande wa chini na kitavunjika.

Mama_Kisesa
Habarini. Mimi naendesha baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya wamama yenye kikapu mbele. Mdomo wake umelala na unafunguka kwa nyuma kabisa kama fundi anavyoeleza. Nimebebea maji, ndoo za dagaa na watoto, na fremu haijatetereka. Kwa nini hamuitaji hata mara moja?

Kirumba_Resa
Umenena mama. Tatizo la ile ni rimu. Za inchi 26 za Kijapani nyingi ni 590 mm, kipenyo pale tairi linapokaa, wakati fiksi za dukani ni 622. Tairi hazibadilishani.

Mama_Kisesa
Kwani lazima abadilishe rimu? Abaki na rimu ile ile, asuke habu mpya ndani yake. Tairi za 26 mbona nazipata.

Fundi_Mabatini
Mama yuko sahihi. Ahesabu matundu ya spoku tu. Habu za fiksi nyingi ni za matundu 32 au 36, rimu iwe na idadi hiyo hiyo. Kwa mwenye baiskeli ya inchi 28 ya mtindo wa Kiingereza, rimu ya nyuma ina matundu 40 na ya mbele 32. Chukua rimu ya 32 uisukie nyuma. Na msiweke rimu ya 622 kwenye fremu ya rimu ya 635 mkitegemea breki za fimbo, vipande vya breki havitakaa mahali pake.

Mwalimu_wa_Igoma
Tukishamaliza chuma, tuje kwenye meno. Usichague meno kwa macho. Ukichukua 46 mbele na 16 nyuma kwenye rimu ya 622 yenye tairi la upana wa milimita 28, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka kama mita 6.1. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika ni kilomita 22 kwa saa. Ukiteremka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu inazunguka kama mara 109 kwa dakika. Ukibadilisha nyuma kuwa 18 unapanda kwa urahisi zaidi, lakini kwenye mteremko ule ule miguu inafika kama 122.

Isamilo_Juu
Mara 122! Mwalimu, huko mimi siendi.

Mwalimu_wa_Igoma
Ndiyo maana kuna breki. Jambo jingine ambalo vijana hawaliangalii ni tairi. Wanaopenda kufunga gurudumu la nyuma na kuteleza, 48 kwa 16 itawamalizia tairi mapema. 48 gawa kwa 16 ni 3 kamili, kwa hiyo kila ukifunga miguu katika mkao wako uliouzoea, tairi linasuguliwa mahali pale pale pamoja. Ukiweka 48 kwa 17 msuguo unagawanyika sehemu 17. 46 kwa 16 inarahisishwa kuwa 23 kwa 8, sehemu 8.

Kirumba_Resa
Nane kwa anayefunga mguu mmoja mbele siku zote. Anayebadilisha miguu anapata 16, kwa sababu 23 ni witiri.

Mwalimu_wa_Igoma
Sahihi kabisa. Ningekuwa na wanafunzi wawili kama wewe darasani.

Nansio_Kwetu
Haya mambo ya kuteleza waachieni vijana wa Capri Point. Mimi naona gia moja siyo kitu cha dharau. Wanaoshindana mbio za baiskeli huku Kanda ya Ziwa, wapo walioanzia kwenye baiskeli za kubebea magunia.

Kirumba_Resa
Na siyo huku tu. Kwenye Tour de France gia za kubadilisha kwa cheni kuhama hazikuruhusiwa mpaka 1937, walipanda Alpes bila hizo. Rekodi ya saa moja uwanjani, yaani umbali mkubwa zaidi mtu anaokwenda kwa saa moja, inawekwa kwa fiksi mpaka leo. Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 Mexico City 1972, na Filippo Ganna 56.792 mwaka 2022 huko Grenchen, Uswisi. Japani wana keirin tangu 1948, mbio za fiksi ambazo watu wanawekea dau kisheria.

Isamilo_Juu
Hapo Grenchen hakuna Isamilo.

Mama_Kisesa
Mwacheni mtoa mada, mnampeleka Uswisi na yeye anakwenda kazini Mwanza. Mwanangu, unabeba nini kwenda kazini? Maana hizo za kampuni naona picha hazina karia wala madigadi. Masika yakianza utafika ofisini mgongo mzima matope.

Mkazi_Buhongwa
Nabeba begi na chakula, mama. Umenigusa kweli, fremu za zile za bei ya chini sikuona matundu ya kufungia karia.

Dada_Pasiansi
Hiyo nayo ni sehemu ya unafuu, tuiongeze kwenye orodha ya sababu. Karia, madigadi, kengele, taa, stendi, vyote utanunua pembeni.

Fundi_Mabatini
Bado nashikilia ni vifaa vichache vya gia.

Kirumba_Resa
Na mimi chuma.

Mkazi_Buhongwa
Naona hamtapatana, ila mmenisaidia sana. Nimeamua hivi. Sanduku zima siagizi. Naagiza habu ya nyuma ya pande mbili, upande mmoja fiksi na mwingine friwili, ili nikichoka nageuza gurudumu. Sproketi ya 18, ringi yake na cheni ya upana wa inchi moja ya nane. Fremu nitafuata ushauri wa Mama Kisesa, natafuta ya Kijapani yenye karia yake. Kama kuna wengine wanataka habu, tuagize kasha moja tugawane nauli.

Isamilo_Juu
Niandike mimi, ila nitatumia upande wa friwili.

Nansio_Kwetu
Niandikie moja ya mdogo wangu, matundu 32. Fundi, swali la mwisho kwangu. Nimepima mdomo wa nyuma wa Phoenix yake kwa ndani, ni kama 114 mm. Habu za fiksi nasikia ni 120. Itaingia?

Fundi_Mabatini
Ni 120, ndiyo. Hiyo ni chuma, inatanuliwa milimita 3 kila upande, baridi, bila moto. Vuta upande mmoja, pima kwa uzi kutoka kichwa cha usukani mpaka mdomoni, pande zote mbili, kisha vuta wa pili. Akimaliza ahakikishe midomo miwili inatazamana sambamba, la sivyo ekseli itapinda. Ingekuwa alumini ningemwambia asiiguse.